Hesabu ya Makofi: Vijana Wetu, Simu na Afya ya Akili

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Samweli 18:6-11, 1 Wafalme 19:1-18, Wagalatia 6:2-5



Huu ni muhtasari wa somo la Jumapili iliyopita, pamoja na mambo machache ambayo saa haikuturuhusu kuyafikia. Shule zinakaribia kufungwa. Watoto walio mabwenini wanakuja nyumbani, na baadhi ya wale walio vyuoni Nchiru, Chuka na Embu watarudi pia. Wazazi wananiuliza swali moja: "Pasta, huyu mtoto na simu nimfanyeje?" Vijana nao wana lao: "Pasta, mbona watu wazima mnaona simu tu, sisi hamtuoni?" Maswali yote mawili yanastahili jibu, na hilo la pili ndilo gumu zaidi.

1. WIMBO ULIOMNYIMA MFALME AMANI

Fungua 1 Samweli 18. Jeshi linarudi kutoka vitani, Goliathi ameanguka, na wanawake wanatoka mijini wakiimba na kucheza. Katika wimbo wao Sauli anahesabiwa maelfu, na Daudi anahesabiwa makumi ya maelfu. Sauli anakasirika sana, na tangu siku hiyo anamwangalia Daudi kwa jicho baya.

Sasa jiulize, Sauli alipoteza nini siku hiyo? Hakupoteza hata askari mmoja. Taji lilikuwa bado kichwani. Ushindi ulikuwa wake pia, maana Daudi alikuwa mtumishi wake. Kilichomwingia ni hesabu. Alisikia makofi ya mwenzake yakihesabiwa mbele ya watu wote, na yalikuwa mengi kuliko yake. Kesho yake alikuwa ameshika mkuki ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Huyu alikuwa mtu mzima, mfalme, mwenye jeshi na walinzi. Wimbo mmoja ulimvunja. Basi fikiria msichana wa miaka 15 anayesikia wimbo huo mara mia kwa siku, akiwa amelala kitandani kwake, na wimbo unatoka kiganjani. Facebook iliweka kitufe cha laiki mnamo Februari 2009. Zamani ukivaa nguo mpya kanisani watu walikusifu au walinyamaza, na jambo likaishia hapo. Siku hizi sifa zina namba, na kila mtu anaiona namba hiyo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajawahi kuishi katika dunia ambayo makofi hayahesabiwi.

2. KWA NINI WANAENDA HUKO

Tusianze na lawama. Ukitaka kumsaidia mtu, kwanza ujue alichoenda kutafuta. Ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa walisema wanaitumia. Kwa hivyo hatuzungumzi juu ya watoto wachache walioharibika. Tunazungumza juu ya nchi nzima, na wewe baba unayesoma hapa uko ndani.

Kwanza, vijana wanatafuta wenzao. Mungu mwenyewe alisema katika Mwanzo 2 kwamba si vyema mtu akae pekee yake. Mtoto wetu anakaa bwenini miezi mitatu na marafiki arobaini. Anapokuja likizo, yuko peke yake shambani na ng'ombe wawili na cucu. Simu ndiyo inampeleka kwa marafiki zake. Hiyo ni njaa halali.

Pili, wanatafuta riziki. Kijana wa bodaboda pale Makutano anapata wateja kwa WhatsApp. Dada anayesuka nywele Runyenjes anaonyesha kazi yake Facebook. Wengine wanauza avokado na nguo za mitumba kupitia statasi. Ukisema "simu ni ya shetani", huyu kijana anajua humjui.

Tatu, wanatafuta sauti. Mnakumbuka Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipoleta maandamano nchi nzima. Vijana walipangana TikTok na X, wakatafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wakauelezea watu wazima ambao hawakuwa wameusoma. Kubali au ukatae walichofanya, lakini huwezi kusema kwamba huko mtandaoni ni mchezo mtupu.

Nne, na hapa tutulie kidogo, wengine wanakimbia. Anakimbia kelele za wazazi wanaogombana. Anakimbia alama za KCSE ambazo hazikufika. Anakimbia ukimya wa nyumba ambayo hakuna anayemuuliza habari. Video moja inamfanya acheke kwa sekunde 30, halafu nyingine, halafu nyingine. Simu haikuleta uchungu huo. Inaufunika tu, na asubuhi uko pale pale.

3. NANI ANALIPA NAULI?

Nilisomea biashara kabla sijaingia kwenye huduma, na kuna swali moja tulifundishwa kuuliza kwa kila biashara: pesa inatoka kwa nani?

Ukipanda matatu kutoka Meru kwenda Nairobi, abiria ndiye analipa nauli, kwa hivyo makanga atakubembeleza wewe. Kwenye mitandao hii kijana anapanda bure. Basi nani analipa? Analipa mwenye tangazo. Kumbe kijana si abiria, ni mzigo unaopelekwa kwa mwenye tangazo. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata zaidi ya dola bilioni 130 mwaka 2023, na karibu pesa hizo zote zilitoka kwa matangazo. Maana yake ni kwamba kila dakika ambayo mwanao anaangalia skrini ni mauzo. Akiizima simu alale, mauzo yamesimama.

Ukielewa hilo, mengine yote yanaeleweka. Ndiyo maana ukurasa hauna mwisho; unasukuma na kidole na unaendelea tu. Ndiyo maana video inayofuata inaanza yenyewe kabla hujaamua. Ndiyo maana simu inalia kukuambia fulani ameposti, hata kama hukuuliza. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani kwamba mtambo huo ulijengwa kwa kutumia udhaifu ulio ndani ya akili ya mwanadamu, na kwamba waliouunda walijua hivyo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani na kwenda kushuhudia mbele ya Seneti ya Marekani. Katika nyaraka hizo, watafiti wa kampuni wenyewe walikuwa wameandika kwamba asilimia 32 ya wasichana walisema wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia.

Kwetu hapa kuna la ziada: bando. Bando ya usiku ni rahisi kuliko ya mchana, na bando ya saa moja ikianza imeanza. Kijana anakesha ili shilingi yake isipotee. Anadhani ameokoa pesa, kumbe amelipa kwa usingizi.

Nasema haya ili mzazi aache kusema "huyu mtoto hana nidhamu" kana kwamba anashindana na kitu kidogo. Upande mmoja kuna mtoto wa kidato cha pili. Upande wa pili kuna maelfu ya wahandisi wanaolipwa vizuri ili asiweke simu chini. Mtoto huyo anahitaji mtu wa kusimama naye.

4. HATARI ZENYEWE

Mwezi Mei 2023, Daktari Mkuu wa Marekani wakati huo, Vivek Murthy, alitoa onyo rasmi. Alisema vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii wana hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, pamoja na dalili za unyogovu na wasiwasi. Tulisome onyo hilo kwa uangalifu. Halisemi kwamba simu peke yake inaleta ugonjwa. Kijana aliyeanza kuumia moyoni naye hukimbilia simu zaidi. Mambo haya mawili yanasukumana. Lakini saa 3 ni kipimo ambacho kila nyumba inaweza kukitumia. Simu nyingi zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umetumia saa ngapi kwa siku. Angalia leo, uanze na yako.

Hatari ya kwanza ni usingizi. Kijana asiyelala ana hasira, hana kumbukumbu, na huzuni ndogo inakuwa mlima. Kwa vijana wetu wa huku kuna wanaoongezea muguka au miraa juu ya simu. Majani yanafukuza usingizi, skrini inamalizia kazi. Baada ya wiki tatu za namna hiyo, hata mtu mzima angeona mambo ambayo hayapo.

Hatari ya pili ni kujilinganisha. Mwenzake amepiga picha kwenye gari, huyu yuko kwenye foleni ya maji. Hajui kwamba gari ni la kuazima. Mithali 14:30 inatuonyesha kwamba wivu unaozesha mifupa. Biblia iliona zamani kwamba jambo la moyo linashuka hadi mwilini.

Hatari ya tatu ni dhihaka na vitisho. Zamani ukichekwa shuleni, ulipata pumziko ukifika nyumbani. Sasa kicheko kinakufuata mpaka chumbani. Na kuna jambo la aibu ambalo watoto wetu hawatuambii: mtu anamwomba picha ya siri, akishaipata anadai pesa la sivyo aisambaze. Kijana, kama hilo limekupata, sikiliza. Usilipe, usifute ushahidi, na usikae nalo peke yako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mtandao inaharamisha kunyanyasa mtu mtandaoni na kusambaza picha zake za siri. Mwenye kosa ni yule anayekutisha. Njoo kwa mtu mzima unayemwamini, twende polisi pamoja.

Hatari ya nne ni kuona yale ambayo macho hayakuumbiwa kuyaona. Hapa tuna ushahidi wa karibu. Wakenya na Waafrika wengine waliajiriwa Nairobi kuchuja video za Facebook, za mauaji na ukatili, ili zisitufikie sisi. Baadaye walienda mahakamani. Desemba 2024 ilijulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamechunguzwa na daktari wa akili wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na kukutwa na madhara makubwa ya kiwewe. Hao walikuwa watu wazima, kazini, wakijua wanachoenda kuona. Mtoto wa darasa la saba anaangukia video ya namna hiyo ghafla, peke yake, saa tano usiku, na anaona haya kukuambia.

5. ELIYA CHINI YA MRETEMU

Sasa twende 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli, siku chache baadaye yuko jangwani, chini ya mretemu, anamwomba Mungu amwondolee uhai. Huyu si mwenye dhambi aliyerudi nyuma. Ni mtu wa maombi kuliko mimi na wewe. Basi tukubaliane kwamba kuvunjika moyo hadi kutotaka kuishi kunaweza kumpata mtu wa Mungu.

Angalia Mungu alivyomhudumia. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yake iko wapi. Kwanza alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji. Akamwacha alale tena, akamlisha tena. Baada ya mwili kupata nguvu, ndipo akamwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza, akamwuliza tena, akamsikiliza tena. Kisha akampa kazi, akampa Elisha wa kutembea naye, na akamwonyesha kwamba hayuko peke yake, maana wapo elfu saba. Usingizi, chakula, kusikilizwa, rafiki, kazi. Huo ndio mpango wa matibabu wa mbinguni.

Sisi Wapentekoste tunaamini maombezi, na tunaamini kufunguliwa. Siondoi hata neno moja hapo. Lakini kijana akija analia kwamba hataki kuishi, tukamwekea mikono dakika tano, tukatangaza pepo ametoka, tukamrudisha peke yake kwenye chumba kile kile, hatujamhudumia kama Mungu alivyomhudumia Eliya. Tuombe naye, na tumpeleke hospitali. Yule anayevunjika mguu huwa tunamwombea ndani ya gari tukielekea kwa daktari, na hakuna anayesema tumekosa imani. Akili pia ni kiungo cha mwili.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Hesabu viti vya vijana Jumapili ijayo ukikumbuka hilo. Dalili za kuangalia ni hizi: kujitenga hata na marafiki, kuacha alichokuwa anapenda, usingizi kuharibika, kutokula au kula kupita kiasi, alama kushuka ghafla, kugawa vitu vyake, kusema "mimi ni mzigo kwenu". Zikikaa zaidi ya wiki mbili, usingoje. Na akisema habari ya kufa, usingoje hata siku moja.

Usiogope kumwuliza waziwazi: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Kumwuliza hakumpandii wazo. Kunamfungulia mlango. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye chochote cha kumdhuru, na mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Meru au ya Embu. Simu 116 ni ya kusaidia watoto, na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Zote ni za bure. Msiogope polisi pia. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichokuwa kikimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa, na nchi yetu imeanza kumwona hivyo. Kanisa lisiwe la mwisho.

6. LA KUFANYA LIKIZO HII

Wazazi: Fanyeni mapatano siku ya kwanza, kabla ya ugomvi wa kwanza. Simu zote zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, pamoja na ya baba na ya mama. Sheria inayomhusu mtoto peke yake haitadumu wiki. Usiipasue simu wala kuinyakua kwa hasira, maana siku akipata tatizo kubwa huko ndani ataficha. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hata mitandao yenyewe inasema asifungue akaunti, usimdanganyie umri. Na kila siku tafuta dakika ishirini za kufanya kazi naye: kuchuma majani chai, kukamua, kupika. Vijana huongea mikono ikiwa na kazi.

Vijana: Zima ile milio ya kukuita. Acha kufuata akaunti yoyote inayokuacha ukijidharau kila mara. Usiposti ukiwa na hasira. Tafuta rafiki mmoja wa kuonana naye uso kwa uso kila wiki. Na kumbuka Yesu alipotoka majini Yordani, kabla hajafanya muujiza hata mmoja, Baba alitangaza kwamba anampenda na anapendezwa naye. Upendo ulitangulia kazi. Kwako pia ndivyo ulivyo, na hakuna namba inayoweza kuuongeza au kuupunguza.

Kanisa: Vijana wanaenda panapo watu wa kuwasikiliza. Kuanzia likizo hii ukumbi mdogo utakuwa wazi kwa vijana kila Jumamosi alasiri, na wazee wawili watakuwepo, si kuhubiri, ila kusikiliza. Tena tunaomba mtu yeyote asirekodi kwa simu kijana anayelia madhabahuni. Machozi yake ni ya Mungu, si ya statasi.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni "wimbo" gani unaousikia mtandaoni ambao unakufanya umwangalie mwenzako kwa jicho baya?
2. Kati ya mambo ambayo Mungu alimpa Eliya (usingizi, chakula, kusikilizwa, rafiki, kazi), ni lipi linapungua zaidi nyumbani kwako?
3. Wagalatia 6:2 inazungumzia kubebeana mizigo, na mstari wa 5 kila mtu kuchukua furushi lake mwenyewe. Katika habari ya simu, kijana abebe nini mwenyewe, na sisi tumbebee nini?
4. Mtoto wako akipata aibu kubwa mtandaoni usiku wa leo, atamwambia nani kwanza? Mwulize akujibu mwenyewe, na usimkatize.

TUOMBE

Baba, tunakuletea vijana wa Meru na Embu, walio hapa na walio mbali. Wale waliochoka, wape usingizi. Wale walio peke yao, waletee Elisha wao. Sisi wazazi na viongozi, tupe masikio kabla ya midomo. Madaktari na washauri uwatie nguvu. Na kila mmoja wetu ajue leo kwamba umempenda kabla watu hawajampigia makofi. Katika jina la Yesu, Amina.